Goti linachoma: baiskeli km 100 Agosti, Great North Run Septemba. Niache ipi?

Mgosi_wa_Tyne

Wakuu habari za majukumu. Nipo Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Naombeni ushauri, na kejeli kidogo nitazivumilia.

Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo 2025, wenzangu kazini wamejiridhisha kwamba kila Mtanzania ni mkimbiaji. Nikawaambia Simbu ni wa Singida, mimi ni wa Tanga, kwetu tukiona mtu mzima anakimbia tunauliza kaiba nini. Hawakunielewa. Nikajikuta nimeandikishwa Great North Run, kilomita 21, kwa nafasi ya taasisi ya hisani, yaani ili ukimbie lazima uchangishe. Mimi niliyezoea kukimbia kadi za harusi za watu, leo ndiye napitisha bakuli! Nimefikisha pauni 340. Hata bibi wa chumba namba 6 katoa pauni 5, na kila nikimpelekea chai ananiuliza goti linaendeleaje.

Ndiyo, goti. La kulia. Nikifika kilomita ya sita linaanza kuchoma upande wa nje kama sindano, nikisimama linatulia. Asubuhi nashuka ngazi nimeshika ukuta. Mbali niliyowahi kufika ni km 13, na zimebaki wiki sita.

Sasa hao hao wenzangu wana mbio za baiskeli za km 100, kwenda na kurudi pwani ya Northumberland, Jumatatu ile ya mapumziko ya mwisho wa Agosti. Si za kupeana kombe, lakini namba zipo, saa ipo, na yupo jamaa wa uhasibu ambaye akikupita anakupigia kengele. Great North Run inafuata kama wiki mbili baadaye. Baiskeli nimeazimwa na mwenzangu mmoja, mrefu kuliko mimi, na tangu Julai ndiyo naendea kazini.

Nifanye zote mbili, niache baiskeli, au niache vyote nirudishe michango ya watu? Nawasilisha.

Kiboko_ya_Lami

Akhwari alimaliza marathoni Mexico 1968 goti limefungwa bandeji. Wewe sindano tu unataka kurudisha michango? Kaza mgosi.

Dada_Fizio

Kiboko, Akhwari alikuwa anakimbilia taifa. Huyu anakimbilia fulana na medali, na kesho yake ana zamu. Tusimuue kaka wa watu.

Mtoa mada, maumivu ya upande wa nje yanayokuja baada ya umbali uleule na kuzidi kwenye kushuka, mara nyingi ni ule utepe mnene unaotoka nyonga, unapita nje ya paja hadi chini kidogo ya goti. Goti lenyewe huwa halina kosa. Ama uliongeza kilomita kwa pupa, ama nyonga ni dhaifu, ama ni baiskeli. Hiyo ya mtu mrefu, kiti ulikishusha?

Mgosi_wa_Tyne

Sijakigusa dada. Niliogopa kuharibu mali ya watu.

Fundi_Spoku

Mwizi kapatikana.

Egemea ukuta, panda baiskeli na viatu vyako vya siku zote. Weka KISIGINO juu ya pedali, zungusha kinyumenyume mpaka pedali ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuinama upande. Kisigino kisipofika, kiti kiko juu, na kila mzunguko unajivuta huo utepe anaousema dada. Tangu Julai umejivuta mara ngapi hapo?

Kabla hujalegeza, zungushia tepu nyeusi ya umeme kwenye bomba la kiti pale lilipoingilia, ili siku ya kurudisha urudishe palepale. Shusha nusu sentimita, endesha siku mbili, ndipo ushushe tena. Ukishusha kwa hasira utalihamishia maumivu mbele ya goti.

Na ile kaptula yenye pedi haivaliwi na chupi ndani. Nasema kwa sababu kila mgeni hukosea hapo, kisha anakuja kuomba ushauri mwingine kabisa.

Mhamiaji_Leeds

Great North Run nimekimbia mara mbili. Watu kama 60,000. Mnaanzia kwenye barabara kuu katikati ya Newcastle, mnavuka Tyne Bridge, ndege za Red Arrows zinapita juu, kila mtu anaongeza mwendo bila kujijua. Wengi hujimalizia hapo.

Watakutisha na John Reid Road, kuanzia km ya 16 hivi. Ni mwinuko usio mkali ila hauishi. Kwako tatizo si huo. Tatizo ni mteremko unaofuata, mfupi na mkali, unaokutumbukiza ufukweni South Shields. Kwa goti hilo, TEMBEA pale. Ukifika chini imebaki kama maili moja kandokando ya bahari, watu wanapiga kelele kushoto na kulia, hutaweza kutembea hata ukitaka.

Vaa sweta kuukuu la kutupa, maana mtasimama muda mrefu kwenye baridi kabla ya kuanza. Na panga usafiri mapema, mnamalizia mbali na mlikoanzia na foleni ya treni ya Metro si mchezo.

Dada_Fizio

Basi hesabu ni hii. Wikiendi ya baiskeli ndiyo ulipaswa kukimbia umbali wako mrefu wa mwisho, km 16 hivi, kisha upunguze hadi siku yenyewe. Vyote viwili havikai. Na michango watu wametoa kwa ajili ya mbio, baiskeli hakuna aliyekulipia.

Kwa wiki mbili usivuke km 5. Kimbia dakika nne, tembea moja, simama kabla sindano haijaja. Jioni lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umeupeleka nyuma kidogo, mara 15, seti tatu, kila upande. Ibuprofen kabla ya mbio usimeze, figo na jasho havipatani nayo. Goti likivimba au likikwama, hapo mimi sipo, nenda kwa daktari.

Kiboko_ya_Lami

Na asubuhi ya mbio ale ugali?

Dada_Fizio

Uji. Masaa matatu kabla ya kuanza.

Mgosi_wa_Tyne

Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili. Kiti kilikuwa juu kwa vidole viwili vizima, tepu ipo kama ushahidi. Jana km 5 bila sindano, leo ngazi nimeshuka huku nimeshika kikombe cha chai badala ya ukuta.

Baiskeli nitakwenda nao hadi kituo cha kwanza cha chai, km 25, halafu narudi na treni. Jamaa wa uhasibu kaahidi kunipigia kengele nikiwa stesheni. Bibi wa chumba namba 6 kasikia nitatembea kwenye mteremko, anadai arudishiwe pauni mbili.