Kikundi cha Familia: Wosia wa Babu na Makaratasi Yetu Sote

Shangazi Tabitha: Hamjambo nyote. Shikamoo Baba. Nimepewa ruhusa niandike kuhusu jambo tuliloligusa juu juu tulipokutana nyumbani kwa Babu, mtaa wa Umoja, nalo ni wosia. Babu ameamua kuandika wake mwezi huu, na anaomba kila mtu mzima katika familia ayaangalie makaratasi yake mwenyewe kabla ya mkutano wa Jumapili. Nimekuwa karani katika mahakama ya Milimani, upande wa mirathi, na nimezipokea faili za ndugu wa tumbo moja waliozungumza kupitia mawakili tu, kwa sababu mzee wao alifariki bila kuacha hata karatasi moja. Sitaki hilo litufike.

Babu: Marahaba binti yangu. Mimi nina nyumba hii ya Umoja, ploti ya Ruiru na akiba kidogo, na shauku yangu kubwa ni kwamba nyanya yenu asisumbuliwe na mtu. Je, nikiwaita nyote nikatamka maneno yangu mbele yenu, hayatoshi? Wazee wetu walifanya hivyo.

Shangazi Tabitha: Baba, Sheria ya Urithi ya Kenya inautambua wosia wa mdomo ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini nguvu yake ni ya miezi 3 tu, ukiishi zaidi ya hapo, na tunaomba uishi sana, maneno hayo hayatakuwa na uzito mahakamani. Wosia wa maandishi hauna kikomo hicho. Utautia sahihi, na mashahidi wasiopungua wawili watakuona ukisaini, au utawathibitishia kwamba sahihi ile ni yako, kisha kila mmoja atie yake mbele yako. Tafadhali usimwite yeyote kati yetu awe shahidi. Anayeachiwa kitu akishuhudia wosia, au mume au mke wake akishuhudia, hukipoteza alichoachiwa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Jirani wa mlango wa pili na yule mzee wa kanisa wanafaa.

Brian: Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, sijaoa na sina nyumba wala shamba. Je, jambo hili linanihusu kwa sasa?

Shangazi Tabitha: Marahaba Brian. Linakuhusu, na pengine kwa haraka kuliko unavyodhani. Una pensheni ya kazini, una bima, una akiba katika chama cha akiba na mikopo. Kwa kawaida fedha za namna hiyo hazingoji wosia. Hufuata jina uliloliandika kwenye fomu siku ya kujiunga. Mwenzetu mmoja kazini, dereva, alijaza fomu ya chama akiwa kijana, akaandika jina la kaka yake kwa wino wa buluu. Alioa, akapata watoto watatu, na hakuigusa tena fomu ile. Alipofariki, mkewe alikwenda ofisini na cheti cha ndoa mkononi, akaonyeshwa mstari ule mmoja. Kwa hiyo wiki hii omba nakala ya kila fomu uliyojaza. Andika pia orodha ya akaunti zako, kwa kuwa fedha zisizoulizwa na mtu huishia kwa mamlaka ya serikali inayohifadhi mali za kifedha zisizodaiwa. Na siku ukioa, fahamu kwamba ndoa huufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa ulioandikwa kwa kutarajia kumwoa mtu unayemtaja.

Nduku (Mama Imani): Nashukuru Shangazi. Hofu yangu si mali, ni watoto. Imani ana miaka 6 na mdogo wake 3. Mimi na baba yao tukiondoka pamoja, nani atawalea?

Shangazi Tabitha: Mzazi anaweza kumteua mlezi katika wosia wake, na nakusihi uzungumze kwanza na mtu huyo hadi akubali kwa moyo mmoja. Urithi wa mtoto huwekwa chini ya wadhamini, yaani watu wanaomtunzia, hadi atimize miaka 18, kwa hiyo anayelea na anayetunza fedha si lazima wawe mtu mmoja, mimi ningewatenganisha. Kaangalieni pia hatimiliki ya ardhi yenu ya Kitengela. Ikiwa mnaimiliki kwa pamoja bila mafungu, anayebaki huichukua yote. Ikiwa kila mmoja ana fungu lake, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake.

Halima: Kwa sisi Waislamu utaratibu ni tofauti. Mirathi yetu hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu na hupelekwa kwa Kadhi, wasia hauzidi theluthi ya mali, na hauwi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake.

Baba Sifa: Kwa heshima zote, Baba, desturi yetu ni kwamba ardhi hukaa na wana wa kiume. Dada zetu wameolewa. Naomba ploti ya Ruiru ifikiriwe kwa njia hiyo.

Shangazi Tabitha: Kaka, nalisema hili nikikupenda. Baba akifariki bila wosia, watoto wote wana haki sawa, awe wa kiume au wa kike, ameolewa au hajaolewa. Akiandika wosia ana uhuru wa kugawa, lakini mke au mtoto asiyetengewa sehemu ya kutosha anaweza kuiomba mahakama impe.

Babu: Nimewasikia wote wawili. Nyumba ya Umoja ni ya nyanya yenu. Ploti nitaigawa sawa kwa watoto wangu wote, na sababu nitaiandika kwa mkono wangu ili asiwepo wa kusema niliandikiwa. Wasii, yaani wasimamizi wa wosia, watakuwa wawili, Tabitha na Baba Sifa, wakikubali.

Baba Sifa: Nimekubali, Baba.

Shangazi Tabitha: Nami nimekubali. Nakala halisi itakaa kwa wakili, na sisi wawili tutajua ilipo. Jumapili saa nane mchana, kila mtu aje na fomu zake, na Nduku aje na hatimiliki.