Msaada wa wafadhili wa mtandaoni umegeuzwa mkopo huku Tandahimba. Hii ni haki?

Wakuu, nimekereka, naomba mnivumilie.

Kuna taasisi moja (siitaji, wakipita humu watajijua) ilikuja kwenye kikundi cha akina mama wanaobangua korosho kwa mikono. Wakapiga picha vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda, wakasema mradi unapelekwa kwa wafadhili mtandaoni. Basi.

Juzi binamu yangu kaupata ukurasa wenyewe, wote kwa Kiingereza. Shangazi yumo, kaandikwa mjane! Mumewe mzima wa afya, yuko shambani anapulizia salfa. Wamemzika mtu yu hai ili picha ilize Wazungu. Chini yake ombi: mashine za kubangulia na glovu. Lengo limetimia, wachangiaji wanashukuriwa.

Mashine ziko wapi? Hakuna. Kikundi kimepewa pesa za mkopo, tena wenye riba, na bwana mmoja wa pikipiki anafuata marejesho kila wiki.

Msiniambie ndivyo mambo haya yalivyo. Kiva ya Marekani, tovuti ya kukopesha watu wenye kipato kidogo iliyoanza 2005, inasema wazi kwamba ni mkopo: mtu anatoa kuanzia dola 25, hapati riba, na taasisi ya huku chini mara nyingi ndiyo inayomtoza riba mkopaji. Uipende usiipende, imeandikwa. GlobalGiving, tovuti nyingine ya wafadhili, ni mchango, haurudi. Hawa wetu kule wameomba mchango, huku wanadai deni. Tofauti inaingia mfuko wa nani?

Tulipowafuata ofisini kwao Mtwara mjini tukajibiwa eti mkopo unawajengea akina mama nidhamu. Nidhamu! Kikundi hichohicho kina VICOBA yake (mfuko wao wa kuweka akiba na kukopeshana), sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa mbele ya wote. Nani amfundishe mwenzake nidhamu hapo?

Tunachotaka si kikubwa. Ukurasa usomwe kwa Kiswahili mbele ya kikundi kabla haujapandishwa, na kiasi kilichochangwa kibandikwe ofisi ya kijiji.

Wajuzi wa sheria: tuanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, au twende moja kwa moja kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali? Na wale wafadhili tuwaandikieje? Marejesho mengine ni Ijumaa, akina mama wanauliza walipe au wagome.