Kuku wa mayai: nitie keji ama niwaache chini?

Mfugaji_Mtwapa:
Salaam aleikum wadau. Nina leya 200 hapa Mtwapa, wana wiki 13, wako chini kwa vumbi la mbao. Sasa kuna fundi ataka kuniuzia keji, vile vizimba vya waya, asema banda hilo hilo litaingia kuku mara mbili na mayai yatatoka masafi. Nikaenda kuona kwa mtu alonunua, wallahi nilirudi na uchungu. Kuku wanne kijisanduku kimoja, bawa halifunguki, shingo zimeisha manyoya kwa kusugua wavu. Kuna mmoja alikuwa ajipinda vile kuku hufanya akioga mchanga, na chini ni waya tupu, akwangua hewa tu. Mpaka sa hizi hajanitoka machoni. Kuna mtu hapa pwani afuga bila keji na hapati hasara? Na hili joto la kaskazi je?

BiMkubwa_Kisauni:
Aleikum salaam mwanangu. Mie mwaka wa sita huu sijatia keji na mayai yaenda. Watu huharibu kwa kujaza, mie naweka kuku watano kwa mita mraba basi, hata mtu aniambie nini. Halafu masanduku ya kutagia yatie wiki ya 16 kabla hawajaanza, moja kwa kuku watano, nyasi kavu ndani, yakae upande wenye giza. Kundi la kwanza nilichelewa, wakazoea kutaga kwa pembe chini, nikaokota mayai ya kinyesi miezi mitatu. Kuku akishikwa na yai utamuona azunguka, alalamika, hatulii mpaka apate pahali pa kujificha. Sasa wa keji azunguke wapi maskini?

Daktari_wa_Mifugo:
Ndugu, hizo keji za kawaida Uswisi walizimaliza 1992, na Umoja wa Ulaya wakazipiga marufuku kuanzia 2012. Kipimo chao cha mwisho kilikuwa sentimita mraba 550 kwa kuku, yaani hata karatasi ya A4 haifiki. Kuku huchota kalsiamu ya mifupa yake kutengeneza ganda, na asipotembea na kuruka mifupa inakuwa dhaifu, siku ya kumtoa unamshika tu bawa linavunjika mkononi.
Lakini kumweka chini pia ni kazi, nisikudanganye. Vumbi la mbao likilowa koksi, ule ugonjwa wa kuhara damu, inaingia, na amonia, ile hewa kali ya kinyesi, inapanda. Kila asubuhi inama mpaka usawa wa kichwa cha kuku uvute pumzi, macho yakikuwasha ujue yeye analala humo humo.
Joto sasa: kuku hana jasho, anapoa kwa kuhema mdomo wazi. Banda refu lilaze mashariki magharibi jua lisiingie ubavuni, pembeni wavu upepo upite, na makuti yanashinda mabati kwa mbali sana. Chakula uwape alfajiri na jioni, na maji yasikae juani.

Kijana_Likoni:
Mimi nafuga broila, kuku wa nyama, lakini hebu tuongelee usafiri pia, maanake mtu anafuga vizuri halafu siku ya kuuza anawafunga miguu anawaning'iniza kichwa chini kwa boda saa saba mchana mpaka sokoni. Kuku hana ule ukuta wa misuli chini ya mapafu kama sisi, ukimpindua matumbo yote yanalalia pale anapopumulia. Nimeona wakifika wamekufa. Sisi tunaambiwa hata kisu kinolewe mnyama asiteseke, sasa hiyo safari yote je? Mimi sa hizi natumia kreti na natoka kabla ya jua.

Mfugaji_Mtwapa:
Shukran sana wote. Nimetoka kupima banda sa hizi, ni mita 6 kwa 5, kumbe hata bila keji hawa 200 nimewabana, kwa hesabu ya Bi Mkubwa hapa ni pa 150. Pesa ya keji naongeza mita 2 kwa upana na naezeka makuti, fundi nishamwambia asije. Bi Mkubwa, hayo masanduku yako marefu kiasi gani, na mlango umeuacha wazi ama umeweka pazia?