Stata ya boti kwenye gari, inakubali?

Wakuu habari za jioni, nina kipikapu cha petroli cha kizamani stata, ile mota ya kuwashia injini, imekufa, sasa fundi wangu wa Gerezani kaniletea ya boti, anasema injini ni ileile ya gari ila ilifungwa majini, meno ya stata nimehesabu, ya zamani 9 na hii 9. Nifunge au napigwa?

Spana13: Funga tu mkuu. Ya boti imezibwa cheche zisitoke nje, maana kule mvuke wa petroli unatuama chini tumboni mwa boti, cheche moja tu mmelipuka. Hatari ni kinyume chake, ya gari kuipeleka kwenye boti. Ila cheki inazungukia wapi, boti za injini mbili kuna zenye injini moja inazunguka kinyume, stata yake kwako ni chuma chakavu.

Mtu wa Feri: Na ifungue kwanza, chumvi haina adabu. Manifodi ya boti, ile ya kutolea moshi wa injini, ndo usiguse kabisa, ile inapozwa na maji, foleni ya Mandela utayatoa wapi 😂

Muuliza: Haya, kesho naenda na betri na waya za jampa, ikizunguka kinyume namrudishia palepale.