Karavani, gari la oto na mlima Kitonga: naomba ushauri wa giaboksi

MamaKambi_Moro:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mume wangu tumenunua karavani iliyotumika, imetoka Afrika Kusini, ya ekseli moja. Tuliipimisha kwenye mzani wa wanunuzi wa mahindi hapa Morogoro ikiwa na vitanda, jiko, mtungi wa gesi na tanki la maji limejaa: kilo 1,340. Ina breki zake yenyewe, zile zinazokamata pale karavani inapolisukuma gari. Nia yetu ni kwenda nayo Iringa na Mbeya kiangazi, tulale humo na watoto badala ya kuhangaika na gesti.

Shida ni gari la kuivuta. Tulilonalo ni dogo na tunaliuza. Tumeona matatu, yote oto: Harrier ya 2015 ya 2.0, ambayo ni CVT; X-Trail T32, nayo CVT; na Prado 150 ya dizeli, 2.8, gia sita. Prado imetuzidi mfuko, tukiitaka itabidi tusubiri. Madalali wote wimbo wao mmoja: "Mama, hii ina plus na minus, unabadilisha gia mwenyewe kama manyuo."

Ninachouliza: hiyo plus na minus itanipandisha Kitonga? Na zaidi, itanishusha salama? Mimi ndiye nitakayeshika usukani sehemu kubwa ya safari, na kule kushuka ndiko kunakoninyima usingizi.

Kibaha_4x4:

Dada, achana na oto. Tafuta manyuo, hata Hilux ya zamani. Gia unaichagua mwenyewe na inakaa pale ulipoiweka. Oto na mzigo haviendani.

Kompresa_Njombe:

Karibu dada. Kazi yangu ni kuvuta kompresa ya kuvunjia barabara, tela la kilo kama 1,500, kati ya Dar na Njombe. Kitonga naijua kona kwa kona.

Kwa heshima zote, mkuu hapo juu sikubaliani naye. Pale Kitonga hutachagua mwendo wako, utaamuliwa na lori lililo mbele yako. Linatambaa, linasimama, linaondoka. Kwa manyuo, kila ukiondoka mlimani na kilo 1,340 nyuma unaichoma klachi, na harufu yake utaisikia kabla hujafika katikati. Oto yenye toki konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi kwa mafuta badala ya klachi, inaondoka taratibu bila kurudi nyuma, na konveta yenyewe inaongeza nguvu ya injini wakati magurudumu bado yanasita. Kwa mtu anayevuta, hilo ni jambo kubwa.

Ila si kila oto. CVT haina gia. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na zile "gia saba" za Harrier ni vituo ambavyo kompyuta imevipanga ili ujisikie unabadilisha. Kwenye tambarare, kwa familia na mabegi, ni gari zuri sana. Ukiipandisha mlima mrefu na mzigo mzito, joto la mkanda na mafuta yake linapanda, na kompyuta inajilinda kwa kupunguza nguvu. Fikiria hiyo inakutokea kwenye kona, kushoto ukuta wa mwamba, nyuma msururu wa malori. Harrier na X-Trail hizo ziondoe kwenye orodha, hata kama bei inavutia.

Sasa plus na minus. Hapa madalali wanawapotosha watu wengi, kwa sababu magari hayafanani. Kuna magari ambayo ukiweka M na kuchagua ya tatu, linakaa ya tatu. Prado si hivyo. Ile S ya Prado inaweka kikomo: ikiandika 4 kwenye dashibodi, maana yake gari liko huru kutumia ya kwanza hadi ya nne, ila lisivuke hapo. Kwa kuvuta, kikomo kinatosha na mimi nakipenda, maana ukikwama nyuma ya lori linateremsha gia lenyewe wakati wewe macho yako yapo barabarani. Unachokihitaji ni kulizuia lisirukie gia za juu.

Kwa nini ulizuie? Ukiacha D, kwenye miinuko midogo kama ile ya kabla ya Mikumi gari linapanda ya sita, linaona mzigo, linarudi ya tano, linapanda tena. Kila linapobadilisha, konveta inaachia ile kufuli yake inayoifunga moja kwa moja na injini, mafuta yanazungushwa bure ndani na yanachemka. Weka S kwenye 4, injini izunguke juu kidogo, giaboksi itulie. Hata kitabu cha Prado, sehemu ya kuvuta tela, hakitaki uvute ukiwa D.

Jua pia kwamba ukifika chini ya Kitonga, giaboksi imeshapata moto tayari. Bonde la Ruaha Mbuyuni ni joto kali, umetoka kuvuta kwenye hewa ya moto, halafu ndipo unaanza kupanda kwenda nyanda zilizo juu ya mita 1,500. Mimi huwa nasimama pale pale Ruaha Mbuyuni, wanapouza vitunguu. Gari naliacha P, injini inawaka, ili mafuta yaendelee kupita kwenye rejeta. Ukizima, yale ya moto yanabaki yamesimama ndani. Kisha napanda kwa S3, na malori yakibana, S2.

Kushuka: punguza mwendo kule juu kabisa, barabara ikiwa bado sawa, hadi kwenye 30 hivi, ndipo uweke S2. Usingoje mpaka gari limeshika kasi. Prado ukiiomba gia ya chini wakati mwendo ni mkubwa inapiga mlio na inakukatalia, ili isivunje injini. Hapo umebaki na breki peke yake. Madereva wa malori wanasema shuka kwa gia uliyopandia, na wako sahihi. Injini ikishika, wewe unagusa breki kwa nguvu kidogo, mwendo unapungua, unaachia zipoe. Usiweke mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Zile breki za karavani yako zinakamata kila inapokusukuma, kwa hiyo mkishuka haraka nazo zitakuwa zinachemka na wewe huzioni.

Subirini Prado. Hata mkichelewa mwaka.

MamaKambi_Moro:

Ubarikiwe kaka, hili la kikomo hakuna dalali aliyenieleza. Mume wangu amesoma akasema tutasubiri. Swali: nitajuaje giaboksi imepata moto kabla taa haijawaka? Na kuna fundi ametuambia haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, ya Prado haibadilishwi maisha yote.

Fundi_Oto_Ubungo:

Dada, ukivuta inabadilishwa. Prado hiyo inatumia haidroliki ya Toyota WS. Kuna gereji watakuwekea yoyote nyekundu waliyonayo kwenye dumu. Simama hapo uone kopo likifunguliwa. Na haina dipstiki, ile fimbo ya kupimia mafuta, kipimo kinachukuliwa kwa chini, gari likiwa sawa na mafuta yakiwa kwenye joto lake maalumu. Fundi asiyepima joto hajui alichofanya.

Kuhusu kujua: nunua kile kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusomeka kwenye simu, uchague programu inayoonyesha joto la haidroliki. Kati ya digrii 80 na 100 endesha. Ikipita 110 punguza mwendo, shusha gia. Ikifika 120 tafuta pa kupaki. Mkivuta mara kwa mara, fungeni rejeta ndogo ya pembeni ya haidroliki, mbele pale inapopata upepo.

Siku ya kuikagua Prado, iendeshwe mpaka ipate moto ndipo ujaribu. Kanyaga breki, toa N weka D, kisha R. Ikichelewa kushika au ikigonga, usilipe.

Kompresa_Njombe:

Naongezea mawili. Tobaa, kile chuma cha kuvutia tela, ifungwe kwa bolti kwenye chesisi, isichomelewe kwenye bampa. Na mzigo ndani ya karavani uupange mbele kidogo ya ekseli, pale kwenye boli, ule mpira wa chuma karavani inapoungia, ukae uzito wa kilo 70 hadi 100, ukihakikisha karavani na tobaa yenyewe vinaruhusu uzito huo. Mkiweka vitu vizito nyuma, itaanza kucheza mkia mkifika 80, na hapo hakuna gia itakayokusaidia. Mtungi wa gesi na tanki la maji viko upande gani?

MamaKambi_Moro:

Gesi mbele. Tanki liko nyuma kabisa, chini ya kitanda cha watoto.

Kompresa_Njombe:

Basi safirini tanki likiwa tupu. Maji mtajaza Iringa.