Yule mpiga debe wa Kilombero KAISHIKA PETE YANGU YA NDOA

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Nimetoka stendi ya Kilombero hapa Arusha sasa hivi na nguo za kutokea sijabadili.

Simtaji. Mwanamke yeyote aliyewahi kutafuta kifodi (daladala) cha Sakina pale anamjua: koti la baridi halivui hata jua la Januari, na akiita abiria anasikika mpaka Namanga. Leo kaishika pete yangu. Na vidole vilivyotoka kula mishikaki. AKAIZUNGUSHA.

Nimebeba kabichi na karoti, natafuta gari. Akaanza "mrembo, mrembo". Nikanyamaza. Akanifuata. Nikainua mkono wa kushoto aione pete, maana ndivyo tulivyoambiwa na mashangazi wote, vaa pete watakuheshimu, mke wa mtu sumu. Jamaa kacheka mpaka wapiga debe wa Ngaramtoni wakageuka, kanidaka mkono, kasema: "Shemeji, hii inakubana, ngoja nikulegezee." Akaizungusha kama anafungua bomba la maji!

Shemeji! Kaka yake yupi kanioa mimi?

Dereva alicheka. Konda alicheka. Kuku waliokuwa kwenye tenga la mama mmoja nao walicheka. Hakuna hata mtu mzima mmoja aliyesema "we kijana, mwachie".

Kabla sijaolewa walikuwa wanaomba namba. Sasa wanaomba namba na wanauliza mume anarudi saa ngapi. Anayeacha ni yule tu aliyeuliza mume anafanya kazi gani nikamjibu askari. Anamwogopa askari. "Sitaki" yangu mimi haihesabiki mpaka igongwe muhuri na mwanaume asiyekuwepo hata pale!

Nimeiosha kwa sabuni ya mche. Nimeiosha tena. Bado navihisi vile vidole. Kaizungusha, wakuu. Mbele za watu. Semeni kitu jamani, nitapasuka.

Binti wa Njiro: Pole sana dada. Mimi sijaolewa, nilinunua pete ya elfu 3 Soko Kuu kwa ajili ya hawa hawa. Wababa wa ofisini wakiiona wanapunguza. Stendi wakiiona ndiyo kwanza wanasogea. Huyo huyo wa koti aliniambia mke wa mtu ndiye mzuri, haombi kodi ya nyumba.

Chalii wa Unga Ltd: Chai hii. Weka picha ya pete tuone ni dhahabu au bati. Uzi bila picha batili.

Mleta uzi: Wewe sauti yako naifahamu. Ulikuwa umekaa siti ya mbele unacheka.

Chalii wa Unga Ltd: Mimi natembea kwa boda, sister. Ila "nikulegezee" nimecheka mpaka nimeshuka kitandani 😂

Mzee wa Sakina: Binti yangu, enzi zetu mke wa mtu ukimwona unampisha njia. Lakini nawe, mzigo wote huo peke yako, mumeo alikuwa wapi?

Mama Kulwa: Shikamoo mzee. Hilo swali lako ndilo hilo hilo la mpiga debe.

Mpita Njia: Mleta uzi, wasikucheleweshe hawa. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kiliingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Umeolewa hujaolewa, hakiulizi. Nenda polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, taja saa na namba ya gari.

Mleta uzi: Namba ya gari ninayo. Kesho naenda. KAIZUNGUSHA!

Mama Kulwa: Afadhali wewe una cha kuzungushwa. Mimi nimezaa mapacha na mtu, kila Desemba ni "mwakani tunafunga ndoa". Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, mnachukuliwa kuwa wanandoa mpaka ithibitike vingine. Haya, hiyo sheria niivae kidole gani nikienda sokoni?

Binti wa Njiro: Mama Kulwa fungua uzi wako, huyo mwanaume tunamtaka huku.

Fundi Simu: Mimi nimevaa pete na nasumbuliwa. Wateja wakiiona wanajua nina majukumu, wanashusha bei wakijua siwezi kukataa hela. Wanaume nasi tuna yetu.

Mama Kulwa: Kaa pembeni, Fundi.

Kijana wa Mianzini: Subirini. Wa koti la baridi, gari za Sakina? Huyo ana chenji yangu! Nilitoa elfu 10, akasema "nakuletea dirishani", gari ikaondoka.

Chalii wa Unga Ltd: Na yangu!

Konda Mstaafu: Hapo ndipo mnapotuonea. Mtu anapanda saa 12 asubuhi, gari ya kwanza, anatoa noti ya elfu 10. Chenji konda aitoe kwenye soksi?

Kijana wa Mianzini: Nauli kupokea unaweza, chenji kurudisha huwezi? Taja gari uliyokuwa unafanyia kazi, inawezekana ni wewe.

Konda Mstaafu: Nilikuwa Kijenge mimi. Na Kijenge ndiko abiria wanaongoza kushuka bila kulipa.

Binti wa Njiro: Kijenge tena? Kijenge mnajaza watu mpaka mlango haufungi!