Tofali likimwangukia mpita njia, alipe nani?

Mleta hoja, Kampemba (Lubumbashi)

Mwezi uliopita jirani yangu, mama anayeuza mikate, alikuwa akipita na beseni lake kichwani kando ya nyumba ya ghorofa inayojengwa karibu na barabara ya Kasenga. Sehemu ya waenda kwa miguu ilikuwa imezibwa na lundo la mchanga, na uzio wa manjanja (mabati) ulikuwa umefunguliwa ili lori liingie. Vijana walikuwa wakirushiana matofali kutoka chini hadi ghorofa ya pili. Moja likamponyoka wa juu, likagonga ukingo wa beseni, kisha likatua begani mwa mama. Beseni lilimwokolea kichwa, lakini mtulinga ulivunjika, na mikate ikabaki mchangani. Polisi walimkamata kijana aliyeponyokwa na tofali. Mwenye nyumba alilipia picha ya mfupa, akatoa faranga kidogo za dawa, na siku ya tatu akaleta karatasi ya kutiwa sahihi, isemayo kwamba jambo limekwisha.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye nyumba na msimamizi wa kazi ndio wanaopaswa kulipa, wala si kijana wa kibarua ambaye hana hata nauli ya kurudi kwao Katuba. Anayeona vingine aseme.

Mwenye kiwanja, Bel Air

Ndugu, nampa pole mama huyo, lakini hoja yako inamwonea mwenye nyumba. Mimi nilimchukua mkandarasi kwa sababu sijui kujenga, na mkataba wetu unasema waziwazi kwamba ajali zote ni juu yake. Niliweka kamba na kibao cha kukataza watu kupita. Kamba iliibwa juma lile lile, na manjanja mawili yakafuata. Wachuuzi hupanga meza zao ukutani kwangu, na watoto wa shule huinama chini ya kamba ili wafupishe njia. Mtu aliyeonywa akapita kwa hiari yake, kosa lake linakuwa langu kwa sheria gani?

Fundi mwashi, Katuba

Nimejenga miaka mingi hapa mjini, na ninaposoma maneno ya baba wa Bel Air nakumbuka jinsi makadirio yanavyojadiliwa. Kitu cha kwanza kufutwa na mwenye nyumba ni wavu wa kukingia vitu vinavyoanguka, cha pili ni mbao za jukwaa, na cha tatu ni kamba na kapi za kupandishia matofali kwa ndoo. Ndiyo maana matofali yanarushwa kwa mikono. Kijana anayelipwa kwa siku hana karatasi yoyote ya kazi, na akifungwa, kesho yake nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine.

Mwanafunzi wa sheria, Kasapa

Naomba tuanzie kwenye maandishi yenyewe, maana pande zote mbili zina sehemu ya haki. Katika sheria yetu ya kiraia hapa Kongo, ile dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na madeni, kifungu cha 258 kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake afidie madhara hayo, na cha 259 kinaongeza uzembe na kutochukua tahadhari. Kifungu cha 260 kinakwenda mbali zaidi: mtu anawajibika pia kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, na mwajiri anawajibika kwa madhara yanayofanywa na mtumishi wake katika kazi aliyompa. Wengi hukimbilia kifungu cha 262, kinachomhusu mwenye jengo, lakini hicho kinazungumzia jengo lililoporomoka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa ujenzi. Tofali lililoponyoka mkononi si jengo lililoporomoka.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: nani alikuwa mwajiri wa kijana? Ikiwa mkandarasi anaendesha kazi kwa uhuru wake, anawaajiri vijana na kuwapa amri, baba wa Bel Air anaweza kusema kwamba hao si watumishi wake. Lakini tusidanganyane: nyumba nyingi za mji huu zinajengwa na mwenyewe anayenunua saruji, anayewalipa vijana kila Jumamosi na kumwambia fundi aanzie ukuta upi. Huyo ndiye mwajiri, hata kama amezoea kumwita fundi wake "mkandarasi". Tena kile kipengele cha mkataba kuhusu ajali kinawafunga wawili waliotia sahihi. Kinaweza kumsaidia mwenye nyumba kumdai mkandarasi baadaye, lakini hakimfungi mama aliyekuwa akipita na mikate yake.

Kuhusu mpita njia, hakimu anaweza kugawanya lawama ikiwa majeruhi naye alizembea. Hata hivyo, aliyezibiwa njia kwa mchanga hawezi kulaumiwa kwa kupita mahali pekee palipobaki wazi, na kibali cha kujenga hakimpi mtu haki ya kuigeuza njia ya watu kuwa ghala lake.

Kumjeruhi mtu kwa kutochukua tahadhari ni kosa la jinai pia, kifungu cha 54 cha sheria ya jinai, adhabu yake ikiwa siku nane hadi mwaka mmoja gerezani na faini, au mojawapo tu. Kesi hiyo inasikilizwa na Mahakama ya Amani, na majeruhi anaweza kudai fidia yake humo humo. Ila kwa kuwa adhabu haizidi mwaka mmoja, mashtaka hayo hufa baada ya mwaka mmoja. Isitoshe, sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 imeiweka bima ya ujenzi miongoni mwa bima za lazima; muulizeni mwenye nyumba hati yake kabla ya kugombana.

Muuza samaki, soko la Kenya (mtaa wa Lubumbashi)

Hiyo karatasi mimi naijua. Inaletwa wakati uko kitandani, hospitali haikuachii utoke bila kulipa, na aliyeileta ameshika pesa mkononi. Mama asitie sahihi.

Mleta hoja

Mwanafunzi wa Kasapa amenirekebisha, nami nakubali: sikuwa nimetenganisha mwenye nyumba anayeamuru na yule anayemwachia mkandarasi kazi yote. Huyu wetu alikuwa pale pale siku ile, akihesabu matofali kwenye lori na kuwahimiza vijana wafanye haraka kabla mvua haijanyesha. Mashahidi wawili wamekubali kulisema hilo. Tuna cheti cha daktari, na tumepiga picha za lundo la mchanga na za uzio uliofunguliwa. Karatasi bado haijatiwa sahihi. Jumatatu tutakwenda kuuliza habari za hati ya bima, na tutaomba pia kijana aachiliwe, kwa sababu mama mwenyewe anasema hana neno naye.